Taa Mbili Zilizokataa Kuzimika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kanyiva alikuwa na kazi mbili. Kwanza alimwagilia maji miche ya miembe na michungwa iliyopangwa kwa safu chini ya neti nyeusi. Kisha alifagia uwanja, kuanzia mlango wa jikoni hadi pale gari lilipolala. Mama yake, Mwongeli, alikuwa na jicho kali. Ufagio ukiruka mahali hata padogo kama kiganja, alipaona.

"Kanyiva, na pale umemwachia nani?"

"Narudi, Mwaitu," Kanyiva alijibu, kwani ndivyo Wakamba wanavyomwita mama mzazi. Naye alirudi na ufagio wake bila kununa.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, limeinuka juu, la rangi ya kijivu, na lilikuwa limempita Kanyiva umri kwa miaka kumi. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Watu wa Matinyani walilipa gari hilo jina la Nzou, yaani ndovu, kwa sababu halikuogopa matope wala mawe. Siku za soko lilibeba miche hadi Kitui mjini. Siku nyingine lilibeba wagonjwa, maana majirani wengi wa ng'ambo ya mto hawakuwa na gari, na Mwongeli hakuwa mtu wa kumwambia mgonjwa angoje kesho. Baba yake Kanyiva alikuwa mwalimu huko Kibwezi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo usukani ulikuwa wa mama.

Jumamosi kulikuwa na kazi ya tatu: kuosha Nzou. Kanyiva aliipenda kazi hiyo. Lakini Jumamosi moja, mvua zilipokuwa zimeanza tu, hakuwa na subira nayo. Wasichana wa darasa lake walikuwa wakimngoja uwanjani kwa mchezo wa netiboli, na rafiki yake Nthenya alikuwa ameshapita akipiga kelele nje ya ua, "Kanyiva! Tunaanza bila wewe!"

Matope yalikuwa yamekauka ndani ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, yakawa magumu kama saruji. Maji hayakuyatikisa. Mama alikuwa amemwonya mara nyingi atumie brashi, polepole. Kanyiva aliitupa brashi kando, akachukua kipande cha chuma kilichokuwa kikizuia lango, akaanza kugonga. Matope yakaanguka vipande vipande. Akagonga tena kwa nguvu zaidi.

Tak!

Kibanio kidogo kiliruka na kuangukia majani. Waya mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukaning'inia.

Kanyiva alitazama nyuma. Mama alikuwa ameinama kwenye kitalu, amempa mgongo. Haraka haraka akaukunja ule waya, akausukuma nyuma ya paipu nyembamba ya chuma iliyopita hapo, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukakwama. Kisha akaupaka tope ili usionekane. "Ni kawaya kadogo tu," alijiambia. Akanawa mikono, akakimbilia uwanjani. Timu yao ilishinda, na mpaka jioni alikuwa ameshausahau.

Jumatatu asubuhi, mama alipokuwa akimpeleka shuleni, taa mbili ziliwaka mbele ya usukani. Moja ilikuwa ya manjano, yenye herufi A, B na S ndani ya duara. Ya pili ilikuwa nyekundu, yenye alama ya mshangao. Mama aliigusa breki ya mkono. Ilikuwa chini, mahali pake.

"Hizi nazo zinataka nini leo?" mama alisema.

Kanyiva aligeuza uso, akatazama nje ya dirisha mpaka walipofika shuleni.

Mchana huo mama alilipeleka gari kwa Kaveke, babake Nthenya, ambaye alitengeneza magari chini ya kibanda cha mabati karibu na soko. Kaveke alifungua boneti, akatazama kichupa cha mafuta ya breki. Yalikuwa yamepungua. Akajaza. Taa nyekundu ikazimika, ile ya manjano ikabaki.

Baada ya siku nane nyekundu ikarudi. Kaveke akajaza mafuta tena, akabadilisha na pedi za breki. Taa ikazimika, kisha ikarudi. Safari ya tatu alijaza tena, akatafuta sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachopima mwendo wa gurudumu, akaifunga kwenye gurudumu la mbele. "Mara nyingi huwa ni hizi za mbele," alisema. Haikusaidia.

Siku hiyo Kanyiva alikuwepo. Kaveke alijifuta jasho, akauliza, "Mama Kanyiva, kuna mtu amegusa magurudumu ya gari hili?"

"Nani aguse? Ni mimi na huyu mtoto, naye huosha tu."

Kaveke akamgeukia Kanyiva kwa upole. "Uliona kitu chochote ulipokuwa ukiosha?"

"Hapana," Kanyiva alisema.

Neno lilikuwa moja tu. Lakini tangu siku hiyo lilikaa kifuani mwake kama kokwa la embe lililomezwa.

"Basi mimi nina mikono, sina mashine ya kulisoma gari," Kaveke alisema. "Na gari likizeeka, taa nyingine huwaka tu. Kuna watu huzibandika plasta nyeusi wakasahau."

"Mimi sibandiki plasta," mama alijibu. "Taa imewekwa pale ili nione."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kanyiva peke yake alilijua. Gari likiondoka asubuhi, liliacha doa bichi chini, karibu na pale gurudumu la nyuma la kushoto liliposimama. Doa la kwanza lilikuwa kama shilingi. Wiki ya tatu lilikuwa kama kifuniko cha kikombe. Kila Kanyiva alipoliona, alichota mchanga mkavu kando ya jiko, akalifunika, akafagia juu yake vizuri. Uwanja ukawa safi. Hata mama hakuona kitu.

Wiki ya tano, alasiri moja baada ya mvua kubwa, walikuwa wamembeba jirani yao Mzee Ndululu, aliyekuwa na shida ya kupumua, kumpeleka zahanati. Walipofika kwenye mteremko wa kushukia mtoni, mbuzi wanne walitoka kichakani wakaingia barabarani. Mama akakanyaga breki.

Pedali ilizama kuliko kawaida. Magurudumu ya nyuma yakakwama ghafla, na gari zima likaanza kuteleza kiubavu, polepole, kuelekea ukingo wa korongo. Kanyiva aliona majani ya ukingoni yakisogea mpaka yakajaa dirishani. Mama alizungusha usukani, akaachilia breki, akakanyaga tena. Gari likasimama, gurudumu moja likiwa juu ya nyasi za ukingo.

Mbuzi wakavuka, wakaenda zao.

"Mwongeli," Mzee Ndululu aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti nyembamba, "bado tuko?"

"Tuko, Mzee."

"Bwana asifiwe. Basi mimi nashuka."

Mwenye pikipiki aliyepita alimchukua mzee mpaka zahanati. Mama alilirudisha gari nyumbani kwa gia ya kwanza, hatua kwa hatua. Usiku huo Kanyiva alijilaza, lakini kila alipofumba macho aliyaona yale majani.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Mama hakwenda mjini. Alikwenda kwa miguu hadi kibandani kwa Kaveke, na mbele ya wanunuzi na wauzaji akasema maneno makali. "Umenitolea vyuma vizuri ukaniwekea vibovu! Mara tatu nimekuja kwako, na jana nusura uniue mimi, mtoto wangu na mzee wa watu!"

Maneno ya soko yana miguu. Kufikia Jumatatu hakukuwa na gari hata moja chini ya kibanda cha Kaveke. Shuleni, wavulana walimwita Nthenya "binti wa fundi feki" mpaka akaacha kutoka nje wakati wa mapumziko.

Kanyiva alimkuta amekaa peke yake darasani, bakuli la muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, likiwa mbele yake halijaguswa.

"Baba halali," Nthenya alisema bila kuinua kichwa. "Anarudia tu kila alichofanya kwenye gari lenu. Anasema lazima kuna kosa alilofanya, ila halioni." Kisha akamtazama. "Wewe ulikuwepo, Kanyiva. Uliona akiiba chuma?"

"Sikuona."

"Basi mbona hukusema?"

Kanyiva aligeuka. Aliondoka bila kula, na mchana wote hesabu za ubaoni zilimpita kama upepo.

Kwa simu, mama alikuwa amempata fundi mwingine kule Kitui mjini. Jina lake lilikuwa Ismahan, binti wa Mzee Billow aliyekuwa na malori ya kubeba mizigo hadi Garissa. Alisomea ufundi wa magari, na malori yote ya babake yalipita mikononi mwake.

"Usiliendeshe tena, hata kidogo," Ismahan alikuwa amemwambia mama. "Tutakuja sisi huko huko."

Alifika Jumamosi asubuhi kwa pikapu, amevaa ovaroli la samawati, hijabu yake ameichomeka vizuri ndani ya ukosi. Mama alimkaribisha chai. Fundi aliinywa akiwa amesimama, akilizunguka gari.

"Nilidhani mzee wako atamtuma mmoja wa vijana wake," mama alikiri.

"Vijana nimewaacha wakisafisha spana zangu," Ismahan alisema, akacheka. Kisha akatoa daftari. "Mama, kabla sijafungua hata nati moja, niambie. Taa ziliwaka siku gani? Zilianza zote pamoja au moja moja? Gari lilikuwa limepita wapi, limefanyiwa nini?"

"Ziliwaka pamoja, Jumatatu. Halikuwa limefanyiwa kitu. Jumamosi lilioshwa tu."

Ismahan akaandika. Akachomeka mashine yake ndogo chini ya usukani, akaisoma. "Inalalamikia gurudumu la nyuma, kushoto." Akatia jeki, akalitoa gurudumu, akaipima sensa. Nzima. Akaupima waya kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mita ya umeme. Ulipitisha. Akarudia. Ukapitisha tena. Akakuna shavu.

"Sensa ni nzima. Waya unapitisha umeme. Basi linalobaki ni kompyuta ya breki, na hiyo itabidi tuifungue tuipeleke Nairobi. Sipendi kufika huko kabla sijaridhika." Alikaa chini akafikiri. Macho yake yakashuka ardhini. Uwanja wote ulikuwa mwekundu na wenye unyevu wa mvua ya jana, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa na mchanga mkavu, mweupe. Alipakwangua kwa ncha ya kiatu. Chini yake palikuwa peusi. Akachovya kidole, akanusa.

"Mafuta ya breki," alisema. "Yanavuja hapa, tena kwa muda mrefu. Lakini huu mchanga umetoka wapi?"

Mama akainama, akashangaa. "Mimi sijui. Labda ni kuku. Wanapekua kila mahali."

"Labda," Ismahan alisema, akarudi kwenye gurudumu.

Kanyiva alisimama pale, ufagio mkononi. Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa, na hakuufungua yeye. Angenyamaza tu, kuku wangebeba lawama, kompyuta ingepelekwa Nairobi, na hakuna ambaye angejua. Ila Kaveke angeendelea kukosa usingizi kwa kosa asilolifanya. Na ule mteremko bado ulikuwa pale, ukingoja siku nyingine ya mvua na mgonjwa mwingine.

"Si kuku," alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Ni mimi niliyeweka mchanga. Kila asubuhi." Sauti ilikuwa imeanza, na sasa haikutaka kusimama. Alisimulia yote: matope makavu, kipande cha chuma, kibanio, waya, kidole gumba, doa. Alisimulia pia lile neno moja alilomjibu Kaveke.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama binti yake kana kwamba alikuwa akimtafuta mtu ndani yake.

Ismahan hakukemea. "Njoo unionyeshe," alisema. "Si karibu na hapo. Hapo hapo penyewe."

Kanyiva akapiga magoti, akaonyesha. Ismahan aliuvuta ule waya kutoka nyuma ya paipu, akaukunja taratibu kwa vidole huku mama akisoma mita. "Ipo," mama alisema. "Ipo. Imepotea! Imerudi. Imepotea tena."

"Ndio huo. Umekatika kwa ndani, ngozi ya nje bado nzima. Gari likitulia, ncha zinagusana na waya unaonekana mzima. Likipita kwenye mawe, zinaachana, na breki zinapoteza habari za gurudumu hili. Ningeupima hapa mpaka jioni nisione kitu." Akasafisha tope kwenye paipu. "Mama, panda ukanyage breki kwa nguvu. Wewe Kanyiva, mulika tochi."

Kanyiva alimulika. Kwenye maungio ya paipu palikuwa na alama ya kugongwa, na hapo, mama alipokanyaga, tone dogo lilichomoza, likang'aa, likaanguka. Akakanyaga tena. Tone jingine. Yale ndiyo mafuta yaliyokuwa yakipungua, na ndiyo yaliyokuwa yakiirudisha taa nyekundu.

Ismahan alikwenda mjini, akarudi na paipu mpya. Aliunga waya, akaufunga kwa kibanio kipya mbali na gurudumu, akajaza mafuta na kutoa hewa yote kwenye breki. Adhuhuri ilipofika aliomba mkeka, akaswali kando ya kitalu, kisha akarudi kazini. Saa tisa alilipeleka gari kwenye mawe mabaya zaidi ya barabara ile, akalirusharusha makusudi. Aliporudi aliwaita watazame. Hakuna taa iliyowaka.

"Mama," Ismahan alisema akifunga sanduku lake, "huyo fundi wa soko hakukuibia. Pedi alizoweka ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona mjini."

Mama aliinamisha kichwa. Pikapu ilipoondoka, alimwita Kanyiva aketi karibu naye.

"Nimekasirika," alisema. "Sitakuficha. Zaidi ya wiki tano umekaa na jambo hili huku ukiniona nikiingia garini. Waya ungenionyesha siku ile, ningekugombeza kwa dakika tano, tukala chakula cha jioni." Akautazama uwanja. "Lakini wewe ulificha, na mimi nikahukumu. Nilimvunjia mtu jina bila ushahidi, mbele ya soko zima. Tuna deni sote wawili."

Siku ya soko iliyofuata walikwenda pamoja, ndani ya Nzou. Mama hakumvuta Kaveke pembeni. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama mara ya kwanza, akapaza sauti ile ile.

"Watu wa Matinyani, wiki mbili zilizopita nilisema Kaveke ameniibia. Nilisema uongo, ingawa sikujua ni uongo. Fundi amekagua gari. Kazi ya Kaveke ilikuwa safi. Nisamehe, Kaveke. Na nyinyi mliosikia lile, lipelekeni na hili."

Kisha ilikuwa zamu ya Kanyiva. Alisema yote, hata jinsi alivyokosa usingizi na hamu ya kula, na hakulaumu mchezo wala matope.

Kaveke alijifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Mimi pia nina langu," alisema hatimaye. "Mafuta yalipungua mara tatu, nami mara tatu nikajaza bila kuyafuata yanakokwenda. Fundi hujiuliza. Mimi sikujiuliza."

Nthenya alikuwa amesimama nyuma ya babake. Hakukimbia kumkumbatia Kanyiva. "Jumatatu utawaambia darasani," alisema. "Wewe mwenyewe. Mimi sitawaambia."

"Nitawaambia."

"Wote. Hata wale wavulana."

"Hata wao."

Nthenya akatikisa kichwa kukubali, basi. Kanyiva alianza kulia, na Kaveke, aliyekuwa baba wa wasichana watatu, hakuweza kuvumilia. Alimwomba mama ufunguo, akafungua mlango wa gari, akawaita wasichana wote wawili; Nthenya akapanda kiti cha mbele, Kanyiva akasimama mlangoni.

"Tazameni hapa mbele ya usukani," alisema, akazungusha ufunguo nusu tu. Taa zote ziliwaka kwa pamoja: nyekundu, manjano, kijani. Akazungusha mpaka mwisho, injini ikanguruma, na taa zikazimika moja baada ya nyingine.

"Kila gari zima hufanya hivi. Taa huwaka kwanza kuonyesha kwamba ziko hai, kisha hunyamaza kama hakuna tatizo. Fundi haogopi taa inayowaka, kwa sababu hiyo inamsaidia kazi. Anaogopa ile isiyowaka kabisa, maana imekufa, na gari linaweza kukuua bila kukuambia. Kanyiva, ulipokuwa ukiumwa na moyo wiki zote zile, ukashindwa kula, ukashindwa kulala, hiyo ilikuwa taa yako. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Kosa lako halikuwa kuvunja kibanio, hata mimi huvunja vibanio. Kosa lako ni kwamba uliifunika. Mtu akikosea, aseme mapema, wakati kosa bado ni dogo na dawa yake bado ni ndogo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba Nthenya."

"Na wewe, Nthenya?"

"Mimi sikuvunja kitu," Nthenya alisema.

"Najua. Lakini leo umeona mtu akisema ukweli mbele ya soko zima. Hilo nalo si jepesi. Ukienda shuleni Jumatatu, uwe karibu naye atakapolirudia."

Nthenya akasogea kwenye kiti, akamwachia Kanyiva nafasi ya kukaa.